Mwamba Kabla ya Tanuri

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Kazini kila mtu anachekacheka kama bwana harusi, kwa sababu bwawa letu litajaa, na bwawa likijaa tutasukuma kisima cha tatu. Mimi nimerudi nyumbani na kiatu kimoja kinachopiga chwa-chwa na sijaona cha kuchekea.

Nimeamua kuandika msimu huu wote, kwa kuwa nina domo na hapa nyumbani hakuna wa kunisikiliza. Mama husikia anachotaka kusikia. Mdogo wangu Kitinda akirudi kutoka kisimani hula, husema "asante Dada," na usingizi unambeba palepale mezani. Tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, na hata sasa ana mvi kidevuni jina halijamtoka.

Niseme kinachonikosesha raha. Chini ya kituo chetu kuna maji ya moto, mengi, ya kuzungusha mitambo ya umeme miaka na miaka. Lakini mwamba umeyabana. Kwa hiyo tunachimba kisima kirefu, tunasukuma maji humo kwa nguvu mpaka mwamba upasuke, halafu tunafuatisha mchanga ili nyufa zisijifunge. Maji ya moto hupita humo, na mvuke ukapanda juu. Visima viwili vya kwanza vilifoka vizuri sana, watu wakapiga picha, na baada ya majuma machache vikafa. Wenye fedha wamesema hiki cha tatu ndicho cha mwisho. Anayekisimamia ni Kitinda. Alikuwa na kazi nzuri ng'ambo. Mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia rudi, Mama anazeeka na kazi ipo. Kisima kikifa ataondoka tena, na safari hii Mama hana umri wa kumngoja.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Jirani ameleta maandazi ya jana akadai ni ya leo.

Jumatatu, 10 Machi

Umeme ulikatika asubuhi. Jenereta ya maabara inaweza kuendesha mashine ya kukandamizia mawe, lakini tanuri haiwezi. Lile peke yake linakula umeme kuliko ofisi zote.

Utaratibu wetu ni huu. Wachimbaji wanatuletea miche ya mwamba kutoka kisimani, mawe marefu ya mviringo yenye unene wa mkono wa mtu mzima. Kila mche huingia kwanza tanurini ukauke kabisa, ndipo unakandamizwa tuone unavunjikaje. Sijawahi kuuliza kwa nini. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyofundisha.

Leo miche ya mwisho ya kisima cha tatu ililetwa mapema, bado ina unyevu wa huko chini, na Mkuu wa kituo hakuacha kupiga simu. Majibu yako wapi? Yako wapi majibu? Nikasema liwalo na liwe, nikachukua mmoja nikauweka kwenye mashine ukiwa mbichi.

Mawe ya kisima hiki tumeshayazoea. Unayakandamiza, yanakaza, yanazidi kukaza, halafu paa! Yanatawanyika, na Jirani anaruka kwenye kiti ingawa ameusikia mlio huo miaka yote. (Jirani ni mwenzangu wa maabara, meza zetu zinagusana, na nyumba zetu pia zinatazamana, maskini mimi.) Mwamba wa namna hiyo ndio msukuma maji anaoupenda. Ukiubana unagawanyika nyufa nyingi, na mchanga kidogo tu unatosha kuzishikilia.

Huu haukutoa sauti. Nikaongeza nguvu. Kimya. Nikaongeza tena.

"Umewasha kweli?" Jirani akauliza.

"Nimewasha. Kwani wewe huoni?"

Nilipoutoa, ulikuwa umefupika na kutanuka katikati kama mtu aliyekula akashiba. Ulikuwa na ufa mmoja tu, tena mwembamba. Nikaitukana mashine. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaijaribu kwa kile chuma chetu cha kupimia. Mashine nzima kabisa, haina hata kikohozi. Basi ni jiwe.

Jumanne, 11 Machi

Umeme umerudi, na Jirani, kwa kiherehere chake, amewahi kazini kabla yangu akaitia tanurini miche yote iliyobaki. Yote!

"Si nilitaka kukupunguzia kazi, bibie?"

Nilimpa maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinuna hadi mchana, kisha akaniletea chai, nami nikainywa, maana kosa si lake. Sote tumekuwa tukifanya hivyohivyo siku zote.

Alasiri niliikandamiza miche iliyotoka tanurini. Paa. Paa. Paa. Mwamba uleule, kisima kilekile, kina kilekile.

Nikaanza kujiuliza hili tanuri lilitoka wapi. Kabla ya kituo kujengwa, maabara hii ilikuwa ya watu wa barabara. Walipima kokoto: kausha, pima uzito, ponda, maliza. Kwa kokoto ni sawa kabisa. Kituo kilipoichukua, walinunua mashine kubwa, wakabadilisha kibao cha mlangoni, wakaacha utaratibu wa kokoto ukiendelea. Na mwamba wetu una udongo wa mfinyanzi ndani yake, na huko chini umelowa tangu dunia iumbwe. Sisi tunaukausha kwanza hadi uwe mgumu kama kigae, tunaupasua, halafu tunawaandikia wakubwa: mwamba huu hupasuka vizuri.

Kama ninawaza sawasawa, basi visima viwili vya kwanza havikuuawa na pampu mbovu wala na mkandarasi, kama tulivyosema. Vilipasuka, vikafoka, halafu mwamba laini ukaumeza mchanga taratibu, na nyufa zikajifunga. Naogopa. Naandika hivyo waziwazi kwa kuwa hapa hakuna anayeniona.

Jumatano, 12 Machi

Nilimsubiri Kitinda mlangoni. Alikuwa anavua buti.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba. Mpango wako wa kusukuma haufai."

Najua, najua. Ningemwacha ale kwanza. Akanisikiliza buti moja mkononi. Mpango wao ni maji mepesi, kasi kubwa, mchanga kidogo, kwa sababu majibu ya maabara yetu yalisema mwamba hupasuka. Nikamwambia mwamba huu ukiwa na maji yake haupasuki hivyo, unajikunja. Unataka maji yaliyofanywa mazito kama rojo, yasukumwe polepole, yabebe mchanga mwingi wa chembe kubwa, mwingi kiasi kwamba hata mwamba ukiumeza mwingine ubaki.

"Una mawe mangapi ya namna hiyo?"

"Moja."

"Dada. Moja?"

"Mengine Jirani ameyaoka."

Alicheka, na kicheko chenyewe kikaniudhi. "Nenda basi kamwambie Mkuu abadilishe mpango wa kituo kizima kwa jiwe moja lenye kitambi. Atakuuliza umekunywa nini."

"Nani amekunywa?" Mama akauliza kutoka jikoni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelipata jiwe la pili, na nimelipata kwa wizi.

Pale mapokezi, kwenye meza ya wageni, kando ya maua ya plastiki, pana mche wa kisima cha tatu. Wachimbaji waliuchovya kwenye nta palepale kisimani ili ung'ae, wakampa Mkuu uwe pambo, na kila mgeni hupigwa picha akiushika. Nimepita mbele yake kila asubuhi nikielekea kukausha wenzake! Unyevu wake wote umefungiwa ndani ya nta.

Nilimwambia dada wa mapokezi kwamba naupeleka kusafishwa.

"Usirudi na mkwaruzo," akasema. "Mkuu anaupenda kuliko mkewe."

Nimeukata vipande viwili. Kimoja nimekikandamiza leoleo, nacho kimefanya kitambi. Cha pili nimekiweka kwenye fremu ya zamani, ile ya kuning'iniza vyuma vizito, isiyohitaji umeme. Nimekivika mpira kisikauke, nimekitwisha mzigo, na sitaongeza hata kidogo. Pembeni kuna kipimo chenye mshale. Jiwe kavu likishatwishwa mzigo husimama palepale. Kama hili linaendelea kufupika bila kuongezewa chochote, basi huko chini mwamba utafanya hivyohivyo kwenye nyufa zetu.

Shida ni kwamba jibu hilo linataka majuma, na bwawa linajaa.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Bwawa limepanda. Mshale umesogea, unywele tu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Bwawa limepanda. Mshale umesogea.

Ijumaa, 21 Machi

Jua! Kituo kizima wamenuna, nami nimetembea uwanjani nikiimba. Mshale umesogea.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imerudi. Nimekwenda kazini Jumapili kuangalia jiwe. Mama ameniambia kwamba ndoa ya mtu ilinishinda, labda ya jiwe nitaiweza.

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya. Mkuu aligundua pambo lake halipo. Akaja maabara mwenyewe, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, na nyuma yake dada wa mapokezi akinitazama kama anayetazama maiti.

"Jiwe langu liko wapi?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza yote, tanuri, kokoto, udongo, mshale. Alisikiliza, hilo nampa. Kisha akainama akatazama kipimo.

"Umesogea wapi? Mimi sioni kitu."

"Futa miwani yako, Mkuu."

Jirani alikohoa ili asicheke. Mkuu akasema bwawa likifika alama tunasukuma kama ilivyopangwa, wageni wenye fedha wameshaalikwa, na hawezi kuwaambia tunangojea mshale ambao mwenyewe hauoni. Akaondoka, na kule mapokezi ni maua ya plastiki tu yaliyomsubiri mezani.

Nikadhani yamekwisha. Jioni Kitinda aliingia bila shikamoo.

"Umekwenda kwa Mkuu bila mimi?"

"Sikwenda. Alikuja."

"Na ukamwambia mpango wangu haufai. Mbele ya watu."

"Kwani unafaa?"

"Dada, shule ulinichagulia wewe. Kazi ya kwanza ulinitafutia wewe. Kurudi hapa, ulinirudisha wewe. Kisima kimoja tu, kimoja, nilidhani ni changu."

"Nakuokoa, kichwa maji wewe!"

"Nani kakuomba?"

Mama akagonga meza kwa kijiko. "Mnagombana kama watoto wa chekechea, na mmoja ana mvi!"

"Wote wana mvi," Kitinda akasema, akachukua sahani yake akaenda kula chumbani.

Nimekasirika kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi. Amevimba kichwa huyu. Amekaa ng'ambo mpaka anaona dada yake ni mponda kokoto.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua mfululizo. Hatusemezani. Anasema "shikamoo" akiutazama ukuta, nami namjibia ukuta. Mshale umesogea.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nilirudi mapema kutoka kununua mkate, na Jirani akasema bila kufikiri, "Ungewahi kidogo tu ungemkuta mdogo wako."

"Mdogo wangu gani?"

Akajifanya anatafuta kalamu. Nikamkazia macho mpaka akasalimu amri. Kumbe Kitinda huja karibu kila mchana, nikishatoka. Hukaa kwenye stuli yangu, humulika kipimo kwa taa ya simu, hutazama muda mrefu, huondoka.

"Aliniomba nisikwambie. Alisema utaanza kumhubiria."

Nilikaa kwenye stuli hiyohiyo nikaona haya. Siku zote hizi nimekuwa nikimwita mwenye kiburi, na yeye anabeba lile jiwe kichwani kutwa nzima, halafu anarudi kwa watu wake kisimani anawaambia kila kitu kiko sawa, kwa sababu msimamizi akionekana ana mashaka hakuna anayeshika bomba kwa moyo. Ana hofu kuliko mimi. Mimi nikikosea nabaki na maabara yangu.

Nimeamua kufunga mdomo. Chakula cha jioni kimekwisha na sijasema neno, hadi Mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatano, 9 Aprili

Bwawa limefika alama.

Mkuu alituita ofisini kwake: Kitinda, watu wa pampu, na mimi, sijui kwa nini mimi. Madirisha yalikuwa na ukungu wa mvua na watu walinuka makoti mabichi. Mkuu akauliza kama kuna la kusema kabla hajawathibitishia wageni siku. Nikauma ulimi. Kweli niliuma.

Kitinda akanigeukia. "Dada, ungekuwa wewe ndiye unayesukuma, ungesukuma kama tulivyopanga?"

"Nina mawe mawili tu," nikasema.

"Sikuuliza una mangapi."

"Nisingesukuma hivyo."

"Una uhakika?"

Ningeweza kumdanganya. Wote walikuwa wananitazama. "Sina," nikasema. "Lakini lile jiwe halijasimama mpaka leo asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwishajua. Kisha akamwambia Mkuu: tunabadilisha, maji mazito, polepole, mchanga mwingi.

"Kwa njia hiyo nyufa zitakuwa chache na fupi," Mkuu akasema. "Kisima kitatoa kidogo."

"Kitatoa kidogo."

"Mbele ya wageni."

"Mbele ya wageni. Lakini hakitakufa."

"Na kikifa?"

"Basi ni mimi. Maabara isiguswe."

Nilitaka kupiga kelele kwamba hapana, ni mimi. Mkuu akavua miwani akasugua macho. Sijawahi kumwona bila miwani. Alionekana mzee, mchovu, na aliposema, "Nina watu wengi hapa wenye watoto," hakusema kwa ukali. Nilikuwa namchukulia kama spika ya kupigia kelele tu. Akakubali shingo upande.

Jumanne, 15 Aprili

Tumesukuma leo.

Nilipewa ruhusa ya kukaa kwenye kibanda cha udhibiti, kona ya nyuma, nisiguse kitu. Nje malori ya pampu yamepangwa mgongo kwa mgongo, mabomba yanatetemeka juu ya matope, na mvua inagonga bati hadi tunasemezana kwa mikono. Kitinda alinipita akiingia, akavua koti lililolowa, akanipa. "Dada, nishikie." Ndilo neno la kwanza la kawaida tangu tulipogombana. Nimelishika lile koti kutwa kama mtoto mchanga.

Mbele ya wasukumaji kuna kioo chenye mstari wa shinikizo. Mwamba mkavu wa kwetu maabara ungepandisha mstari ule juu, kisha ukauangusha ghafla unapopasuka. Visima viwili vya kwanza viliuangusha kidogo, watu wakashangilia, wakasukuma kwa kasi bila kungoja. Leo mstari ulipanda, ukalegea, ukainama polepole, haukuanguka. Nikaujua. Ni mwendo wa jiwe langu kwenye mashine siku ile umeme ulipokatika, ila huu ni mwamba mzima, chini ya miguu yetu, na sote tumesimama juu yake.

Msukumaji mmoja akasema, "Hautaki kupasuka huu, tuongeze kasi?"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye usukani wa pampu. Najua hofu aliyokuwa nayo, kwa sababu nami ilinishika: labda hakuna ufa wowote, labda tunajaza shimo maji ya rojo na kujidanganya. Kitinda hakumgombeza. Akamwekea mkono begani. "Mwache. Unafunguka. Mpe muda." Akasema hivyo tena na tena, siku nzima, kwa sauti ileile, na baadaye nikagundua kwamba anajiambia mwenyewe pia.

Wakapeleka mchanga kidogo, kisha zaidi, kisha wa chembe kubwa. Hapo ndipo unapoweza kuziba kisima moja kwa moja. Mchanga ukikwama njiani, kazi imekwisha. Mstari ukapanda kidogo, kila mtu akaacha kupumua, ukatulia. Mchanga wote umeingia. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu hakuna kilicholia. Walizima pampu moja moja, na ukimya ulipokuja tukasikia mvua tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Kisima kimefunguliwa mbele ya wageni, wamesimama chini ya miavuli na kamera zao. Vile viwili vya kwanza vilinguruma hadi vioo vya ofisi vikatikisika. Hiki kimepuliza kama birika.

"Ndio huo?" mgeni mmoja akauliza.

Mtu fulani nyuma akacheka. Kitinda akasimama wima, mikono nyuma, akasema, "Ndio huo." Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mawe yangu yote.

Jumanne, 22 Aprili

Unga wa Kitinda umemwagika. Wageni wameondoka wakisema wameona ya kutosha, watalipia kituo hadi mwisho wa msimu basi, na wametaka anayehusika aondolewe. Mkuu alimwambia kwa upole, mlango ukiwa umefungwa. Kitinda hakumtaja mtu.

Nilimwambia Mama mwenyewe, maana Kitinda hakuweza. Alikuwa anapanga vikombe kabatini. Hakunigeukia.

"Ulimrudisha wewe," akasema, "na umemfukuza wewe."

Nimeketi kitandani nikijaribu kuona ni wapi ningefanya tofauti, na kila nikifika kwenye lile swali la ofisini najikuta nalijibu vilevile. Lakini moyo unauma, unauma kwelikweli.

Jumapili, 27 Aprili

Amepata kazi kulekule ng'ambo. Walikuwa wanamtaka tangu zamani. Nilimkunjia mashati. Ananitoa kasoro hata kwenye kukunja.

"Kisima kinasemaje?"

"Kama siku ya kwanza."

"Usiache kukiangalia."

"Sitaacha."

Akakaa juu ya sanduku ili lifunge. "Dada, nataka uelewe kitu kimoja. Sikubadilisha mpango kwa sababu yako. Nililitazama jiwe mwenyewe. Ungenyamaza pale ofisini ningesema mimi."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Nilitaka kusikia mtu mwingine akisema hana uhakika."

Tukacheka wote wawili, halafu gari likaja. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, muda mrefu, bila kulia. Mimi nililia kwa niaba ya nyumba nzima.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Kisima vilevile.

Jumatatu, 5 Mei

Manyunyu. Kisima vilevile. Mama ananipa chakula, hanipi maneno.

Ijumaa, 9 Mei

Kisima vilevile. Jirani amechovya mche kwenye nta bila kuambiwa, akaungua kidole, akautangazia mtaa mzima kama vile amerudi vitani.

Jumatano, 14 Mei

Jua. Vilevile. Kisima cha kwanza kwa umri huu kilikuwa kimeshaanza kukohoa.

Jumanne, 20 Mei

Vilevile. Cha kwanza kwa umri huu kilikuwa kimekufa.

Ijumaa, 30 Mei

Cha pili pia. Hiki vilevile. Nimekwenda mwenyewe nikaweka kiganja kwenye bomba, nikakiondoa haraka kwa joto, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Alhamisi, 5 Juni

Mkuu alikuja maabara peke yake, bila sauti yake. Akaketi kwenye stuli ya Jirani.

"Kidogo lakini hakishuki," akasema.

"Hakishuki."

"Tukichimba vingine kama hiki, vitano sita?"

"Vitatosha. Taratibu, na mchanga mwingi."

Akasema ameongea na wenye fedha tangu jana, na wamekubali kituo kisifungwe. Nikashika meza. Kisha akaomba nimpigie mdogo wangu, akataka kusema naye. Nikaweka simu juu ya meza tusikie wote.

"Kisima?" Kitinda akauliza kabla ya salamu.

"Vilevile," nikasema.

Nikamsikia akivuta pumzi, na nikajua analia, kwa sababu tangu utotoni hulia hivyo, kwa pua. Mkuu akainama karibu na simu, akamwambia samahani. Alisema hivyo wazi, Jirani akiwepo. Akamwambia kazi yake ipo, arudi.

"Nashukuru, Mkuu. Ila nimeshatia sahihi huku. Miaka mitatu. Siwezi kuwaacha."

Mkuu alinitazama kama mtu anayetaka nimwombee. Sikumwombea. Safari hii sikumwambia mdogo wangu rudi.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekwisha kabisa. Asubuhi nilimkuta Mama barazani anachambua maharage, nikaketi chini kando yake nikaanza kumsaidia. Hakunifukuza.

Nikamwambia. Kwamba kisima hakikufa, kituo hakifungwi, watu watabaki na kazi zao, na Mkuu amemwomba Kitinda radhi kwa kinywa chake.

"Atarudi?"

"Baada ya miaka mitatu, Mama."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Wote wawili tunajua miaka mitatu ni nini kwa mtu wa umri wake. Alitazama barabara kidogo, kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu siku ile ya vikombe.

"Basi hukumfukuza bure," akasema.

Nililia palepale mbele yake, bila kujificha, naye hakuniambia ninyamaze.